Baba mkwe anataka mjukuu aitwe Didier. Hili jina lina uzito au ni la mpira tu?

mama_kijacho_kgm

Wakuu, kwema? Mimi ni Mha wa Kasulu, mume wangu ni Mrundi wa Rumonge, makazi yetu ni Kigoma mjini. Mungu akijalia, mwezi wa pili tunategemea mtoto wa kiume, ultrasaundi imeshasema. Mtoto wa kwanza alibeba jina la bibi yangu, kwa hiyo zamu hii ni ya upande wa baba na hilo sina ubishi nalo. Shida ni jina lenyewe. Baba mkwe amepiga simu, kasema mjukuu aitwe Didier, jina la marehemu mdogo wake. Kasema, kakata simu. Wazee mnawajua.

Sasa mimi nikisikia Didier namwona Drogba tu na jezi yake namba 11. Mdogo wangu wa kiume ndiye kanimaliza kabisa: "Dada, mwite Drogba tujue moja." Mume wangu anasema jina lilikuwepo kwao tangu enzi za Wabelgiji, mpira umelikuta. Halafu kuna paroko wetu, mzee mkali kwenye mambo ya ubatizo. Ukimpelekea jina lazima akuulize mtakatifu wake ni nani na sikukuu yake lini. Nisije nikasimama mbele yake na mtoto mkononi nikaanza kutaja magoli ya Chelsea.

Kwa wanaojua: huko lilikotoka ni jina la namna gani, na ni watu gani wa maana waliowahi kulibeba? Kuna mwenzangu kazini kasoma Bujumbura, ananiambia Wafaransa wenyewe hawawapi tena watoto jina hili, limebaki kwa wazee. Ni kweli? Nawasilisha.

mnyama_damu

Mwite, tena haraka. Umemsahau kocha wetu Didier Gomes Da Rosa? Kaja Simba Januari 2021, mwezi uliofuata Al Ahly kafa kwa Mkapa 1-0, bao la Luis Miquissone. Kundi tukaliongoza sisi, robo fainali ya Afrika, na ubingwa wa ligi juu. Jina la baraka hilo.

mtoto_wa_jangwani

Malizia hadithi mkuu, usiishie kwenye sherehe. Oktoba mwaka huo huo Simba kamfunga Jwaneng Galaxy 2-0 kule Gaborone, karudi nyumbani kapigwa 3-1, katolewa kwa bao la ugenini, na Didier wenu kaaga.

Dada, kama unataka Didier wa mpira wa hapa kwetu, yupo Didier Kavumbagu, tena Mrundi kama mumeo. Alitua Yanga 2012, msimu ule tukabeba kombe, 2014 akahamia Azam. Mashabiki tulikuwa tunamwita Kavumbagu tu, la mbele hakuna aliyehangaika nalo.

mwl_mstaafu

Tuwaache hao wamalizane huko Kariakoo. Dada, hongera kwa ujauzito.

Nimefundisha Kifaransa sekondari mpaka nikastaafu, na kwenye madaftari yangu ya mahudhurio akina Didier hawakukosekana, wengi watoto wa familia zilizovuka kutoka Burundi na Kongo. Mumeo yuko sahihi. Drogba kazaliwa Abidjan 1978, na wakati huo jina lilikuwa limeshazeeka kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Chanzo chake ni Kilatini, Desiderius, mtu aliyetamaniwa au aliyengojewa kwa hamu. Désiré nalo ni la ukoo huo huo, lile la Laurent-Désiré Kabila, na la Mobutu alipokuwa bado anaitwa Joseph-Désiré, kabla hajapiga marufuku majina ya Kikristo nchini kwake mwaka 1972 na kuwatishia kifungo mapadri watakaobatiza kwa majina hayo.

Kwa paroko wako, mpelekee Didier wa Vienne. Vienne hii ni mji wa Ufaransa kusini ya Lyon, kando ya mto Rhône, usichanganye na Vienna ya Austria. Huyu alikuwa askofu pale mwishoni mwa karne ya 6. Kisa chake mimi nakipenda kuliko vya watakatifu wengi, maana kinaanza na ualimu. Askofu alikuwa anawafundisha watu sarufi, na sarufi ya wakati ule maana yake ni kusoma mashairi ya Kirumi yaliyojaa miungu. Habari zikamfikia Papa Gregori Mkuu, akamwandikia barua ya kumkaripia: mdomo mmoja hauwezi kumsifu Kristo na kumsifu Jupita. Barua hiyo ipo hadi leo. Basi kila nilipoambiwa ofisini kwamba napoteza muda wa wanafunzi kwa hadithi zisizo kwenye muhtasari, nilikuwa namkumbuka huyu mzee.

Lakini kilichomuua si sarufi. Mfalme kijana wa Wafranki, Theuderic, aliishi na masuria, na nyuma yake alikuwepo bibi yake, malkia Brunhilda, mwanamke aliyeogopwa kuliko majemadari. Askofu akamkemea mfalme waziwazi. Wakampeleka uhamishoni, akarudi, akakemea tena. Mnamo 607 wakamkamata, akapigwa mawe na kumaliziwa kwa rungu, mahali ambapo leo panaitwa Saint-Didier-sur-Chalaronne. Miaka michache baadaye mfalme wa Wavisigothi huko Hispania, Sisebut, akakaa chini akaandika mwenyewe maisha ya huyu mtakatifu. Mfalme kuandika kitabu cha mtakatifu si jambo unalolikuta kila siku, ingawa mimi nahisi na siasa ilikuwemo, kwa kuwa Brunhilda alizaliwa binti wa mfalme wa Wavisigothi na mambo yake huko kwao hayakuwa yakipendeza tena. Sikukuu ni tarehe 23 Mei. Fungua kalenda yoyote ya Kifaransa, ile ya kuning'iniza ukutani yenye mtakatifu wa kila siku, utamkuta hapo.

Wapo na wengine, nawataja harakaharaka. Didier wa Cahors, mtunza hazina wa mfalme aliyegeuka askofu mwaka 630, mjenzi mkubwa. Didier wa Monte Cassino, abati aliyekuja kuwa Papa Viktori wa Tatu. Na mfalme wa mwisho wa Walombardi wa Italia, ambaye vitabu vya historia vya Kifaransa humwita Didier: alimwoza binti yake kwa Charlemagne, mfalme wa Wafranki, Charlemagne akamrudisha binti kwao, kisha mwaka 774 akamnyang'anya baba mkwe ufalme mzima. Huyo usimtaje mbele ya wakwe.

Sasa la mwenzako wa kazini: ni kweli. Jina lilivuma sana Ufaransa miaka ya 1950 na 1960. Didier Deschamps, 1968. Didier Raoult, yule daktari wa Marseille aliyeleta mabishano ya klorokwini wakati wa korona, 1952. Leo ukisikia Didier anaitwa kwenye kituo cha basi Lyon, atakayegeuka ni babu mwenye mvi. Kuanzia 1803 sheria yao iliwabana wazazi kuchagua majina ya kwenye kalenda au ya watu wa historia, na karani alikuwa na nguvu ya kukukatalia. Sheria ikalegezwa kabisa 1993, na watu wakakimbilia majina mengine. Ila mimi sioni hilo linakuhusu nini. Mtoto anazaliwa Kigoma. Ukipita Bujumbura au Abidjan utakuta vijana wa miaka ishirini wanaitwa Didier na hakuna anayeshangaa.

mnyama_damu

Mwalimu, humo kwenye orodha umempitia Deschamps kama abiria wa kushuka njiani. Kwanza ana heshima yake!

mwl_mstaafu

Kweli, nimemdhulumu. Mzaliwa wa Bayonne, kusini magharibi kabisa karibu na mpaka wa Hispania. Nahodha wa Marseille iliyobeba kombe la klabu bingwa Ulaya 1993, nahodha wa Ufaransa Kombe la Dunia 1998 na la Ulaya 2000. Cantona, mchezaji Mfaransa mwenzake, alimdharau akamwita mbeba maji, yaani kazi yake ni kuwachotea wenzake wenye vipaji. Mbeba maji akarudi kama kocha akabeba Kombe la Dunia 2018. Waliolitwaa wakiwa wachezaji na tena wakiwa makocha walikuwa watatu hadi hapo, naye akiwemo: Zagallo wa Brazil, Beckenbauer wa Ujerumani, na huyo mbeba maji.

Na kwa kuwa dada anamwogopa Drogba, nimtetee naye. Alipelekwa Ufaransa akiwa na miaka mitano kwa mjomba wake mchezaji mpira, akachelewa kuivaa soka ya juu, na Chelsea wakamnunua 2004 kutoka Marseille. Munich 2012, fainali ya klabu bingwa Ulaya, kila mtu anaikumbuka: dakika ya 88 kichwa kwenye kona, kisha mkwaju wa mwisho wa penalti. Ila mimi mechi yangu ni ya Omdurman, Sudan, tarehe 8 Oktoba 2005. Ivory Coast wameshinda 3-1, wamefuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza kwa sababu kule Yaoundé Kameruni, waliokuwa wanagombea nao nafasi hiyo, wamekosa ushindi baada ya Womé wao kukosa penalti dakika za mwishoni kabisa. Nchi yao imegawanyika vipande viwili kwa vita tangu 2002. Ndani ya chumba cha kuvalia, kamera zikiwa wazi, Drogba kashika kipaza sauti, wenzake wamemzunguka, wa kaskazini na wa kusini, wakapiga magoti wakiwaomba ndugu zao waweke silaha chini. Juni 2007 akasababisha mechi ya kufuzu dhidi ya Madagaska ipelekwe Bouaké, ngome ya waasi, wakashinda 5-0 naye akafunga la mwisho.

Msidanganyane lakini kwamba mtu mmoja alizima vita. Mkataba wa amani wa Ouagadougou ulisainiwa na wanasiasa Machi 2007, na mwishoni mwa 2010 nchi iliwaka tena baada ya uchaguzi. Alichofanya ni kikubwa bila kuongezewa chumvi.

mtoto_wa_jangwani

Na hao Wamalagasi waliopigwa tano nao walishatawaliwa na Didier. Didier Ratsiraka, ofisa wa jeshi la majini, kaingia madarakani 1975, katoka 1993, karudi 1997, katoka tena 2002 baada ya ugomvi wa uchaguzi na mpinzani wake Ravalomanana, kakimbilia Ufaransa. Marehemu tangu 2021. Huyo sijui mtamweka kundi gani, wa kusifiwa au wa kulaumiwa. Wamalagasi wenyewe bado wanabishana.

fundi_gereji

Mimi si msomaji wa watakatifu, mimi ni fundi wa magari, ila kuna Didier mmoja hamjamtaja na kisa chake kinahusu majina ya watoto moja kwa moja. Didier Pironi, dereva wa mbio. 1978 alishinda Le Mans, saa 24, ndani ya Renault. 1982 yuko Ferrari pamoja na Gilles Villeneuve wa Kanada, marafiki wakubwa. Imola, San Marino, wanaongoza mbio wao wawili, gereji inaonyesha kibao cha kupunguza mwendo. Gilles akaelewa kwamba wabaki kwa mpangilio walionao, yeye mbele. Mzunguko wa mwisho Pironi akampita, akashinda. Pale kwenye jukwaa la washindi Gilles kavimba, akaapa hatasema naye tena. Wiki mbili baadaye, Zolder, Ubelgiji, Gilles akafa akitafuta muda mzuri kuliko wa Pironi. Hawakuwahi kupatana.

Agosti mwaka huo Pironi anaongoza msimamo wa dunia. Asubuhi ya mvua Hockenheim, kwenye mazoezi, akaruka juu ya gari la dereva mwenzake Prost ambalo hakuliona kwa sababu ya maji yanayorushwa na matairi. Miguu ikavunjika vibaya, Formula 1 ikaishia hapo. Akahamia boti za mbio. 1987 boti ikapinduka karibu na kisiwa cha Wight, Uingereza, wakafa yeye na wenzake wawili.

Mwenzi wake alikuwa mjamzito. Akajifungua mapacha wa kiume baada ya msiba. Unajua aliwaitaje? Mmoja Didier, mwingine Gilles. Kwenye maisha hawakupatana, mama akawaweka kwenye kitanda kimoja. Huyo Gilles amekua kawa mhandisi wa Mercedes kwenye Formula 1, na Silverstone 2020 ndiye aliyetumwa kupanda jukwaani kuchukua kombe la timu.

Mimi nikisoma habari ya mwanamke huyu nasema aliona mbali kuliko wanaume wote wa gereji ile.

mama_kijacho_kgm

Fundi umeniliza, na hali yenyewe hii machozi yako karibu. Nimemsomea mume wangu kwa sauti, kanyamaza, halafu kaniuliza kama tuna uhakika si mapacha. Mmoja tu jamani, tumeshapima!

Nashukuruni wote. Mwalimu, hizo habari za askofu nimezinakili kwenye daftari. Maswali yamebaki mawili. Paroko akisema hili si jina la ubatizo, namjibu nini? Na linaandikwaje? Nimeona Didie, Didiye, Didier, na kuna jirani kaniandikia Didia kwenye ujumbe wa simu nikadhani ni mtu mwingine.

katekista_kagera

Tumsifu Yesu Kristo dada. La paroko lisikusumbue. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 855, inawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie tu mtoto asipewe jina lisilopatana na moyo wa Kikristo. Haisemi lazima liwe la mtakatifu. Ila wewe mtakatifu unaye, shahidi kabisa, kwa hiyo huna hata haja ya kubishana na kanuni.

Tena mwambie jina hili analijua, ila kwa nguo nyingine. Huku kwetu Bukoba tunao akina Desderi na Desderius tele, wengine huandika Desdery. Mjomba wangu ni mmoja wao. Mapadri weupe walitubatiza kwa majina ya Kilatini, na wenzenu waliokuwa chini ya Wabelgiji wakayachukua kwa Kifaransa. Kwenye misa ya somo wake tarehe 23 Mei, Desderi wa Bukoba na Didier wa Rumonge wanakaa benchi moja.

nyota_na_sayari

Naongeza mmoja kabla uzi haujafungwa, maana wote mmebaki uwanjani na kanisani. Didier Queloz, Mswisi wa Geneva, kazaliwa 1966. Mwaka 1995 alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu (PhD), hajafikisha miaka 30, bosi wake Michel Mayor yuko safarini Hawaii, na yeye kaachwa na kifaa cha kupimia mwanga wa nyota kwenye kituo cha Haute-Provence, kusini mwa Ufaransa. Nyota moja, 51 Pegasi, ikawa inayumba, inakuja na kurudi, kila baada ya siku 4 na kidogo, dalili ya kitu kinachoizunguka na kuivuta. Sayari ya karibu kabisa na jua letu, Zebaki, inachukua siku 88 kulizunguka. Kitu chenye uzito wa karibu nusu ya sayari kubwa ya Mshtarii kuzunguka kwa siku nne hakikuwa kwenye kitabu cha mtu yeyote. Kijana akadhani programu yake ina kasoro, akaanza kuikagua kimyakimya. Programu ilikuwa nzima. Ilikuwa sayari ya kwanza kugunduliwa ikizunguka nyota inayofanana na jua letu, nje ya mfumo wetu. 2019 yeye na Mayor wakapewa Nobeli ya fizikia pamoja na James Peebles.

Mimi nafundisha fizikia kidato cha tatu. Wanafunzi nikiwaambia Didier wanaitikia "Drogba!" Nikiwachorea hiyo nyota inayumba ubaoni wanatulia.

mwl_mstaafu

Nijibu la maandishi. Ni D-I-D-I-E-R. Kutamka ni "Didiye", R ya mwisho haisikiki, na hapo ndipo balaa linapoanzia, kwa sababu karani anaandika anachosikia. Ukienda kusajili kizazi usimtajie kwa mdomo peke yake. Mwandikie kwenye karatasi kwa herufi kubwa, na kabla cheti hakijachapwa omba ukisome. Kusahihisha cheti cha RITA, wale wasajili wa vizazi, baadaye ni kiapo, ada, na njoo kesho. Hakikisha cheti cha ubatizo na kadi ya kliniki vina herufi zile zile, maana mtoto akifika darasa la saba ndipo majina matatu tofauti yanapoanza kumtesa. Nimeona wanafunzi wakihangaika na hilo hadi kwenye fomu za chuo.

Kuna jambo moja zaidi, na hili muulize mzee mwenyewe. Burundi kila mtu ana jina lake la Kirundi, na si lazima lifanane na la baba wala la ndugu zake. Huyo marehemu hakuwa Didier peke yake. Huenda baba mkwe kataja la kanisani kwenye simu kwa kuwa ndilo fupi, na la Kirundi analisubiri mumuulize kwa heshima yake. Mumeo ampigie kabla ya mwezi wa pili, msije mkajaza fomu nusu.

mama_kijacho_kgm

Kapiga sasa hivi. Lipo, na ni refu kuliko kile kisanduku cha kwenye fomu.